Kitambulisho Kabla ya Cherehani: Namna ya Kumsaidia Mtu Kuanza Upya Nairobi

Mwongozo huu umeandikiwa vikundi vidogo vya Nairobi vinavyotaka kufanya zaidi ya kugawa unga na blanketi mwezi wa Desemba: jumuiya ndogo ndogo za makanisa, kamati za misikiti, vyama vya akina mama, na vijana wa mtaa waliochoka kumwona mtu yule yule akilala kwenye baraza lile lile mwaka hadi mwaka. Unamhusu mama aliyefukuzwa usiku pamoja na wanawe, kijana aliyetoka gerezani, mtoto anayelala chini ya daraja, na familia ambayo chumba chake kilibomolewa kando ya mto. Mashirika makubwa yana magari, wanasheria na wafadhili. Kikundi kidogo kina kitu kimoja ambacho mashirika hayo hukikosa mara nyingi, nacho ni muda wa kukaa foleni na mtu mmoja kuanzia asubuhi hadi saa tisa.

Kikundi chetu cha Eastlands kilianza kwa kosa. Tulichanga fedha, tukamnunulia mama mmoja cherehani ya kukanyaga, tukaomba, tukapiga picha, tukaenda zetu. Mwezi haukuisha kabla cherehani haijauzwa. Tulikasirika, na wengine wakasema kwamba maskini hasaidiki, hadi mmoja wetu alipokwenda kumwuliza kwa upole. Ilibainika kwamba alikuwa na malimbikizo ya kodi ya miezi miwili na msimamizi wa ploti alikuwa ametangaza siku ya kuweka kufuli. Zaidi ya hayo, hakuwa na kitambulisho, kwa hiyo hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake. Wateja wake walilipa kwa M-Pesa kupitia simu ya jirani, na jirani alikuwa akikata sehemu yake kila mara. Cherehani ilikuwa nzuri. Ilifika tu kabla ya wakati wake.

Tangu hapo tunafuata mpangilio mwingine: usalama na matibabu kwanza, kisha stakabadhi, kisha chumba, na biashara au kazi mwisho. Hatua hizi huingiliana, na wakati mwingine chumba hutafutwa siku hiyo hiyo ya kwanza, lakini zikigeuzwa kichwa chini miguu juu kazi yote huanguka. Watu wengi hupenda kunukuu methali kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Kwa mtu aliyetoka barabarani, siku ya tatu bado hajalala usingizi wa kutosha hata kukumbuka jina la mtu aliyempokea.

Mkutano wa kwanza

Mteueni mwanakikundi mmoja awe msindikizaji wa mtu huyo, na asiwe na watu zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Kama anayesaidiwa ni mwanamke, msindikizaji awe mwanamke. Mkutano wa kwanza usiwe wa kujaza fomu. Mtu aliyekwisha kupita katika mashirika matatu amesimulia masaibu yake mara nyingi kiasi kwamba simulizi lenyewe limekuwa bidhaa, na anajua ni sehemu gani inayotoa machozi na mchele. Ulizeni mambo matatu tu: atalala wapi usiku wa leo, kuna mtu anayemtafuta kwa ubaya, na ni nani katika maisha yake ambaye yeye aliwahi kumtegemea. Swali la tatu ndilo lenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu karibu kila mtu ana nyanya, mwalimu wa zamani, binamu au rafiki wa utotoni ambaye aibu ndiyo iliyomtenga naye, na mtu huyo atakuwapo hata baada ya kikundi chenu kuondoka.

Lugha nayo ina uzito. Neno chokoraa, linalowasawazisha watoto na kitendo cha kuchokora mapipa, lisitumike hata kwa utani baina ya wanakikundi wenyewe, kwa kuwa linalosemwa kwenye kikao hutoka mdomoni siku moja mbele ya mtoto.

Pale ambapo saa zinahesabiwa

Ikiwa mtu amebakwa, msisubiri mkutano wa kikundi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, zijulikanazo kama PEP, zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Mwathiriwa ashauriwe asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizokuwa amevaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa ule wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Aende hospitali kwanza. Polisi wanaweza kufuata. Kituo cha Gender Violence Recovery Centre katika Nairobi Women's Hospital kimekuwa kikiwahudumia waathiriwa bila malipo tangu 2001, na simu ya bure ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia, ilhali taarifa zinazohusu watoto hupigwa kwa 116. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, huanzia kituo cha polisi na kujazwa na daktari. Msindikizaji aende na mwathiriwa katika kila dawati, kwa sababu wengi huacha kesi si kwa kukosa ujasiri bali kwa kuambiwa warudi kesho mara nne.

Hapa niseme jambo ambalo wazee wetu hawatalipenda. Vikundi vya dini vina mazoea ya kupatanisha, na kupatanisha ni jambo jema kati ya majirani waliogombania maji. Kesi ya ubakaji au ya unajisi wa mtoto, hata hivyo, si mali ya familia ya kusuluhishwa kwa mbuzi wawili na soda. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haijaacha nafasi hiyo. Vivyo hivyo, mke aliyepigwa asirudishwe kwa maombi sebuleni. Sheria ya Kulinda Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamwezesha kuomba mahakama itoe amri ya ulinzi dhidi ya anayemdhuru, na kwa hilo kuna mawakili wanaosaidia bila malipo katika FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa 1985, na Kituo cha Sheria, kilichoanza kazi hiyo 1973.

Uraibu nao ni ugonjwa, wala haungoji mtu apate nidhamu kwanza. Simu ya 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure, na Hospitali ya Mathari imekuwa na kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini tangu 2014.

Karatasi

Sehemu hii ndiyo isiyopigwa picha na mtu yeyote, nayo ndiyo inayobadilisha maisha kuliko nyingine. Fikirieni maana ya kuishi Nairobi bila kitambulisho. Huwezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo huna M-Pesa. Huna M-Pesa, kwa hiyo mshahara wa kibarua hupitia kwa mtu mwingine. Huwezi kuingia katika jengo la ofisi mjini, maana mlinzi langoni hukidai kabla ya kukuuliza unakwenda kwa nani. Askari wakikukuta saa nne usiku, huna la kuwaonyesha. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, hata usajili wa matibabu huanza na namba ya kitambulisho. Mzee aliyetimiza miaka 70 naye hawezi kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi, kama serikali haina njia ya kumtambua.

Aliyepoteza kitambulisho ana njia fupi. Aanze kituo cha polisi apate hati ya kuthibitisha upotevu, ile watu wanayoiita abstrakti, kisha aende ofisi ya usajili au kituo cha Huduma, ambako huduma nyingi za serikali hutolewa mahali pamoja. Cha kwanza nchini kilifunguliwa katika jengo la GPO mwaka 2013, na vipo vingine Makadara, Eastleigh na Kibra. Mwende mapema asubuhi, mkiwa na nakala za kila kitu. Akikumbuka namba yake ya zamani mambo huwa mepesi; asipoikumbuka, tafuteni mahali ilipowahi kuandikwa, kama vile barua ya shule ya mtoto, kadi ya hospitali au daftari la chama.

Asiyewahi kuwa nacho ana safari ndefu, hasa yule aliyezaliwa nyumbani au aliyekulia barabarani. Cheti cha kuzaliwa cha kuchelewa huhitaji ushahidi, na ushahidi ni kazi ya upelelezi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rekodi ya shule ya msingi aliyosoma hata kama ni darasa la pili tu, vitambulisho vya wazazi au vyeti vyao vya kifo, na barua ya chifu wa mahali alipozaliwa. Tulimsindikiza kijana mmoja ambaye karatasi pekee iliyothibitisha kuwapo kwake ilikuwa kwenye rejista ya ubatizo ya parokia moja ya Magharibi; katekista alipekua kurasa kwa saa mbili hadi akalikuta jina. Tengeni nauli ya safari kama hizo katika bajeti tangu mwanzo, kwa maana vikundi vingi hutenga fedha za mtaji na kusahau za matatu.

Nakala zote ziwekwe mara mbili: moja kwake, nyingine kwa kikundi katika bahasha iliyofungwa. Vyumba vya mabati huungua, na mvua hazichagui.

Chumba

Chumba kitafutwe karibu na mahali mtu anapopatia riziki. Mama anayeamka Mathare na kutembea hadi Eastleigh kufulia watu nguo hawezi kuhamishiwa Kitengela kwa sababu huko kodi ni nafuu na hewa ni safi; mtampa hewa na kumnyang'anya kazi. Kwa upande mwingine, jihadharini na chumba cha bei ya kutupa ukingoni mwa mto. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali ilibomoa nyumba nyingi kando ya mito ya Nairobi, zikiwemo za Mathare na Mukuru, na waliopoteza vyumba vyao walianza tena pale pale walipokuwa wameanzia.

Kodi ya mwezi wa kwanza na amana tunailipa wenyewe, tena kwa mwenye ploti moja kwa moja, tukichukua risiti iliyoandikwa jina la mpangaji wala si la kikundi. Mwezi wa pili tunachangia theluthi mbili, wa tatu theluthi moja, na utaratibu huo tunauandika siku ya kwanza ili pasiwe na mshangao. Ndani ya chumba kunatakiwa godoro, jiko, sufuria mbili, mtungi wa maji na kufuli lake mwenyewe. Kufuli hilo msilidharau. Mtu aliyelala nje kwa miaka mitatu akifunga mlango wake kutoka ndani kwa mara ya kwanza, hulala hadi mchana, na mwacheni alale.

Watoto wa mitaani

Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 iliwahesabu watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Wengi huona idadi kama hiyo na kufikiria kujenga makao ya watoto. Msijenge. Mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi, wa mwaka 2022 hadi 2032, unaelekeza watoto watolewe kwenye taasisi na kurudishwa katika familia au kwa walezi, na Sheria ya Watoto ya 2022 haimruhusu mtu kumchukua mtoto akamfuga nyumbani kwa sababu tu ana moyo mwema. Hatua ya kwanza ni ofisi ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambako kesi huandikwa na kupewa mwongozo.

Undugu Society, shirika lililoanzishwa 1973 na padri Mholanzi Arnold Grol, limefanya kazi na watoto wa mitaani wa jiji hili kwa zaidi ya nusu karne, na kikundi kinachoanza kingefanya vyema kujifunza kwa wanaoijua kazi kabla ya kubuni njia yake. Sisi tumejifunza kwamba nyumbani hutembelewa mara mbili bila mtoto kabla ya kumrudisha. Ziara ya kwanza kila mtu hulia na kusema arudishwe leo. Ziara ya pili ndipo mnapoambiwa kwamba kuna baba wa kambo, au kwamba chakula ni mlo mmoja, au kwamba mtoto alituhumiwa kuiba simu ya mjomba. Kilichomfukuza kisiposhughulikiwa, mtoto atafika kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus, hapa Nairobi, kabla yenu. Mkisha kumrudisha, pigeni simu kila wiki kwa miezi mitatu, na mwende wenyewe shule zinapofunguliwa, kwa kuwa sare na daftari ndivyo vinavyoamua kama atabaki.

Riziki

Sasa ndipo cherehani inapokuja, ikiwa itakuja. Kabla ya kumnunulia mtu chochote, tembea naye barabara anayotaka kufanyia biashara na mhesabu pamoja. Kama vipo vibanda tisa vya sukuma wiki kati ya kituo cha matatu na kanisa, cha kumi kitakula jasho lake. Huenda kinachokosekana ni mtu wa kukatakata mboga tayari kwa wanaotoka kazini usiku, au wa kuchemsha maharagwe ya kuuza kwa kikombe kwa wasiotaka kumaliza makaa. Yeye mwenyewe kwa kawaida anajua kuliko ninyi, hajaulizwa tu.

Mtaji tunautoa mara mbili: nusu ya kwanza ya kuanzia, ya pili baada ya wiki sita, alipokwisha kuona kinachouzika. Tunautuma kwa laini yake mwenyewe. Wapo wanaoogopa kwamba fedha taslimu zitaishia kwenye pombe, ingawa tafiti za nchi nyingi kuhusu misaada ya fedha hazijaonyesha hivyo, na uzoefu wetu unakubaliana nazo. Aliyekuwa mraibu ni suala tofauti, naye mara nyingi huomba mwenyewe kwamba bidhaa zinunuliwe badala ya kupewa fedha.

Akiba ianze mapema, hata ya shilingi ishirini kwa siku. Muungano wa Wanavijiji, mtandao wa wakazi wa vitongoji duni ulioanza 1996, umekuza vikundi vya akiba vya namna hiyo katika makazi yasiyo rasmi. Mwingizeni mtu katika chama kilichopo mtaani badala ya kumwundia kingine chenye jina la kikundi chenu. Ndani ya chama yeye ni mwanachama kama wengine. Ndani ya mradi wenu atabaki mfadhiliwa. MYSA, jumuiya ya michezo ya vijana iliyoanza Mathare 1987, iliielewa siri hii mapema ilipozipa timu za vijana alama za ligi kwa kusafisha mitaa: kijana aliyedharauliwa alikuwa na kitu cha kutoa.

Kwa aliyejifunza ufundi bila kwenda chuo, kama fundi wa mjengo mwenye miaka kumi ya saruji, mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, humpa cheti ambacho mkandarasi atakiheshimu. Waliotoka gerezani huwa wakati mwingine wamekwisha kuufanya mtihani huo wakiwa ndani, na cheti kiko kwenye faili; ulizeni. Kikwazo chao ni cheti cha tabia njema kutoka polisi, ambacho waajiri wengi hukidai. Msipoteze miezi mkipeleka maombi kwa kampuni zisizoweza kuwachukua. Zungumzeni na fundi au mwenye kinyozi mmoja anayewafahamu ninyi, mkubaliane kipindi cha majaribio, na msindikizaji awe ndiye anayepigiwa simu jambo likienda mrama.

Picha, siri na usajili

Msipige picha mwaka wa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi, lakini hata pasipokuwa na sheria, mtu anayetegemea kodi yenu hawezi kukataa kamera kwa uhuru. Kumbukumbu ziwe daftari moja, lenye herufi za kwanza za jina badala ya jina lenyewe, likiwekwa kwa mtu mmoja.

Kikundi cha watu kumi au zaidi kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkianza kupokea fedha nyingi za wafadhili, angalieni Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024.

Kuondoka

Mwezi wa tisa tangu mkutano wa kwanza, mwambieni mtu waziwazi kwamba usindikizaji utapungua, na mkubaliane tarehe. Wengine huugua ghafla wiki hiyo, au hugombana na msindikizaji kwa jambo dogo. Si utovu wa shukrani, ni hofu, na tarehe isiahirishwe zaidi ya mara moja. Katika miezi inayobaki, msindikizaji aende naye kwa chifu, kwa mhudumu wa afya ya jamii na kwa mweka hazina wa chama, yeye akiwa kimya na mwenyewe ndiye anayezungumza. Yule mtu wa tangu zamani aliyetajwa siku ya kwanza naye apigiwe simu wakati huu, kama bado hajapigiwa. Siku ya mwisho mrudishieni bahasha ya nakala zake, na ukurasa wake wa daftari mchaneni mbele yake.